Sura ya Tisa: Tangi la Bi. Waithera

Saa tatu na dakika tano, Ijumaa asubuhi, Sajini Ivyne Were alivua saa yake ya mkononi, akailaza mezani, kisha akamwambia Fidel Makokha aanze tena mwanzo.

"Nimeshasema mara mbili, madam."

"Mara ya tatu sema polepole. Naandika."

Fidel aliitazama ile saa. Alikuwa na sababu ya kuitazama. Alikamatwa jana yake saa nane mchana, Kenyatta Market, sahani ya mbavu ikiwa mbele yake na kachumbari haijaguswa. Sheria iliwapa polisi saa ishirini na nne. Leo ikigonga saa nane, ama atakuwa mbele ya hakimu kwa shtaka la kumuua Mbugua, ama atakuwa barabarani, mtu huru, akirudi kwake.

Mbugua alikuwa na duka la samaki wa mapambo pale Adams Arcade. Jumatano alikutwa sakafuni mwa stoo yake, kichwa kimevunjwa kwa jiwe la kupambia matangi. Daktari alisema alikufa kati ya saa nne na nusu na saa sita. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amemfuta Fidel kazi baada ya miaka kumi na mmoja, akidai kwamba anawavuta wateja wa duka na kuwafanyia kazi kivyake. Fundi viatu mmoja, Jamleck, ambaye hukaa mkabala na stoo, alimwona mtu mwenye ovaroli ya kijani akiingia mnamo saa tano. Uso hakuuona. Ovaroli za kijani, kwa hesabu ya Ivyne, duka lilikuwa limewagawia watu tisa katika miaka hiyo, na hakuna hata mmoja aliyerudisha yake.

Kesi nzima basi ilining'inia kwenye swali moja: saa hizo Fidel alikuwa wapi? Mwenyewe alisema alikuwa Lavington, nyumbani kwa wakili aitwaye Bi. Waithera, akiosha tangi tupu la samaki.

"Tangi la aina gani?" Ivyne aliuliza.

"Futi nne. Akriliki. Si kioo, madam, ni plastiki ngumu inayong'aa kama kioo. Watu wengi hawajui. Ukigonga kwa ukucha, kioo kinalia. Hii inanyamaza."

"Lilikuwa na hali gani?"

"Mbaya. Limekaa tupu miaka miwili. Lilikuwa na mstari mweupe wa chumvi ya maji, hivi." Alionyesha vidole viwili vilivyoshikamana. "Pande zote nne. Maji ya kisima, ya borehole, unajua."

"Uliutoaje?"

"Polepole. Nililowesha tishu kwa vinega nyeupe, nikazibandika juu ya mstari, nikangoja. Nusu saa, natoa, nafuta na kitambaa laini, nabandika zingine. Palipokuwa pagumu nikasukuma na kadi ya benki iliyokufa."

"Mbona si wembe?"

Fidel alicheka kidogo, cheko la fundi anayeulizwa swali na mtu wa ofisini. "Wembe ni wa kioo. Akriliki ukiikwaruza, umeikwaruza hadi kufa kwako. Waya ya kusugua sufuria, hapana. Dawa ya kung'arisha madirisha, hapana. Ina amonia, inaleta nyufa kama utando wa buibui. Hutaziona leo. Utaziona Jumatatu, mteja akikupigia simu."

"Baada ya hapo?"

"Nikasuuza vinega yote. Yote kabisa. Ndiyo nikaweka jiki, kidogo tu kwa maji mengi, ya kuua viini. Hizo mbili hazikutani, madam, zikikutana zinatoa moshi wa kukulaza chini. Halafu nikasuuza mara nne, nikaacha likauke kwa upepo. Kutoka saa mbili na kitu mpaka saa saba na kitu. Sikuinua mguu."

Hakusita popote. Ivyne alilinganisha maelezo hayo na yale ya jana usiku na yale ya alfajiri. Hayakupishana hata kwa neno moja la maana. Mtu mkweli hukumbuka hivyo. Mtu aliyeifanya kazi hiyohiyo mara mia mbili naye hukumbuka hivyohivyo.

Kwenye ujia, Inspekta Mwau alikuwa akimsubiri na kikombe cha chai mkononi.

"Huyo anajua kazi yake," Mwau alisema.

"Kuijua si kuifanya, afande."

"Kitabu cha geti kinasema aliingia saa mbili na dakika kumi, akatoka saa saba na dakika ishirini. Dada wa kazi ametoa taarifa kwamba hakuondoka. Una nini cha kuweka upande wa pili? Mgongo wa ovaroli?"

"Sina kitu."

"Basi ikifika saa saba na nusu bado huna kitu, nafungua seli. Sitaki kwenda kwa hakimu kuchekwa."

Ivyne alivaa saa yake. "Sijaliona hilo tangi," alisema. "Hakuna aliyeliona. Tumesoma kitabu cha geti tu."

*

Mlinzi wa geti Lavington aliitwa Dalmas, mtu mrefu mwenye viatu vilivyong'arishwa mpaka vya wengine vione aibu. Alimsukumia Ivyne kitabu na kalamu kupitia kidirisha kabla hata hajaangalia kitambulisho.

"Sasa, madam. Jina, namba ya simu, saa, na unamwona nani."

"Uliniandika jana."

"Jana ni ya jana. Hapa hata mama mwenye nyumba akija na miguu namwandika. Paka pekee ndiye hana jina, na huyo namjua kwa rangi."

Ivyne aliandika, kisha akarudi nyuma kurasa mbili. Mwandiko ulikuwa safi. Fidel Makokha, fundi wa samaki, 8.10, 1.20. Sahihi mbili, wino uleule, hapakuwa na kufuta.

"Kati ya saa hizo ulikaa hapa muda wote?"

"Hata choo nilienda saa nane nikishabadilishwa. Muulize mwenzangu."

"Geti ni hili moja?"

"Ni hili moja."

"Hakuna njia nyingine kabisa?"

"Hakuna. Kuna kile kimlango cha takataka kule nyuma, lakini hiyo si geti."

"Hufunguliwa lini?"

"Jumatano, gari la taka likija. Kama saa tatu hivi. Ufunguo ni wa Lornah, dada wa kazi." Dalmas alimtazama kama anayemwelimisha. "Hiyo haina kitabu, madam. Geti ni mahali pa kitabu."

Ivyne aliandika neno kwa neno. Tangu jana maafisa watatu, yeye akiwa mmoja wao, walikuwa wamemuuliza Dalmas kuhusu geti, naye akawajibu kuhusu geti. Hakuwa amesema uongo. Hata hivyo tundu kwenye ua si ushahidi kwamba mtu alipita humo. Lilionyesha tu kwamba angeweza.

Bi. Waithera alikuwa mahakamani mjini tangu asubuhi. Alikuwa ametoa ruhusa kwa simu, kwa sauti ya mtu anayesoma hati nyingine wakati anazungumza. Tangi lilikuwa bado pale nyuma alipoliacha fundi. Jumatano jioni alilitazama, akaridhika, hakuligusa. Samaki walikuwa waletwe kesho.

Lornah ndiye aliyemwongoza hadi uani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne hivi, leso kiunoni, mikono imekauka kwa maji. Alionyesha kwa kidevu na kurudi jikoni.

Ua wa kufulia ulikuwa na karo mbili za zege, kamba za nguo, mfereji wenye mpira wa maji, na kimlango cha chuma rangi ya kijivu kilichofungwa kwa kufuli. Tangi lilikuwa limelazwa kwenye meza ya mbao chini ya mabati, juu ya taulo kuukuu. Ivyne alivaa glavu, akaligonga kwa kidole. Halikulia.

Aliwasha tochi, akailaza karibu kabisa na ukuta wa tangi ili mwanga upite kwa ubavu. Mkwaruzo wowote ungejitokeza kama uzi wa fedha. Alipita ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, sakafu. Palikuwa na mikwaruzo mitatu ya zamani, mifupi, iliyojaa uchafu wa miaka. Mpya hapakuwa na hata mmoja. Kwenye pembe, mahali pale ambapo mtu mvivu huacha chumvi akijiambia hakuna atakayechungulia, palikuwa safi. Hapakuwa na utando wa buibui.

Kazi ilikuwa nzuri. Aliandika hivyo: kazi nzuri.

Swali lililofuata lilikuwa la muda. Bi. Waithera alikuwa amemtumia picha ya tangi, iliyopigwa na muuzaji siku alipolinunua: mstari mweupe, mnene, upana wa vidole viwili, kama Fidel alivyosema. Je, mtu mwenye haraka angeweza kuutoa kwa dakika arobaini, kisha akatoka, akaua, akarudi?

Kifuniko cha tangi kilikuwa kimeegemezwa ukutani, hakijaoshwa, kikiwa na chumvi ileile. Kwenye rafu ya karo palikuwa na chupa ya vinega nyeupe, theluthi moja imebaki. Ivyne alikunja tishu mara mbili, akailowesha, akaibandika kwenye ukingo wa kifuniko, akaweka saa. Alisimama pale nusu saa nzima. Kunguru alikuja kwenye mabati akaondoka. Muda ulipotimia alibandua tishu, akasukuma kwa ncha ya kadi ya maktaba aliyokuwa nayo pochini. Ilitoka ngozi nyembamba tu, kama ya kitunguu. Chini yake palikuwa bado peupe.

Alirudia. Mara ya tatu ndipo akriliki ilipoonekana, na kifuniko hakikuwa na chumvi nzito kama ile ya kwenye picha.

Saa tano na nusu alimpigia Mwau.

"Haiwezekani kwa chini ya saa tatu bila kuikwaruza," alisema. "Na haikukwaruzwa. Kuna mtu alikaa hapa asubuhi nzima, akabadilisha tishu kila nusu saa."

"Basi umemwokoa."

"Nimesema kuna mtu, afande."

"Ivyne, saa zinakwenda. Mtu ni nani kama si fundi?"

Ivyne alikata simu. Zilibaki hatua mbili ambazo Fidel alizitaja na ambazo hajazipima: jiki na kusuuza. Jiki iliyobaki hunuka maji yakiiamsha. Alivuta mpira, akafungua mfereji, akaelekeza maji kwenye sakafu ya tangi, akainama kunusa.

Halikunuka jiki. Lilinuka ndimu.

Kisha povu likaanza kupanda. Halikuwa jingi. Lilikuwa duara jeupe mahali maji yalipopiga, likatawanyika, likajikusanya pembeni na kukaa hapo bila kuvunjika.

Ivyne alifunga mfereji. Alisuuza chupa ya kioo aliyokuja nayo ya vielelezo, akaijaza maji ya mfereji, akaitikisa kwa nguvu. Maji yalitulia mara moja, hayana kitu. Alitupa maji hayo, akachota ya tangini kwa chupa ileile, akatikisa. Povu likasimama upana wa kidole. Alihesabu hadi sitini. Lilikuwa bado limesimama. Alifunga kifuniko, akaandika lebo, saa na sahihi.

Kisha akampigia Nashon, mfanyakazi wa Mbugua aliyebaki dukani, aliyekuwa amehojiwa Jumatano na ikathibitishwa kwamba alikuwa sokoni na mashahidi wanne.

"Nashon, swali moja. Fundi wa samaki huosha tangi kwa sabuni?"

"Madam, unanichezea?"

"Sichezi."

"Sabuni ni sumu ya samaki. Inashika ukuta hata ukisuuza. Hakuna fundi wa samaki anaweza. Siku ya kwanza kuandikwa kazi, mzee Mbugua, Mungu amlaze, alikupokonya sabuni hata ya mikono. Ulinawa na maji na majivu kama uko ushago kijijini."

"Fidel alijua?"

"Fidel? Fidel ndiye alinifunza mimi. Alikuwa anasema ukitia sabuni, afadhali uwapige samaki rungu, wafe haraka."

*

Jikoni, Lornah alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Kando ya sinki palikuwa na chupa ya soda isiyo na karatasi, imejaa sabuni ya maji ya manjano, ile inayopimwa kutoka kwenye mtungi mkubwa sokoni. Ivyne aliinusa bila kuishika. Ndimu.

"Keti, Lornah."

"Niko tu sawa, madam."

"Jumatano Fidel aliosha tangi peke yake?"

"Ndiyo."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa jikoni. Nilisema jana. Nilikuwa na chapati."

"Alilisuuza mara ngapi?"

"Mara nne."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

Ivyne alikwenda dirishani. Dirisha la jikoni lilitazama barabara ya magari na maua ya mbele, si ua wa kufulia. Lornah naye aligeuka kutazama maua hayo, kama kwamba ndiyo mara ya kwanza kuyaona.

"Kazi yenyewe ni mbaya," Ivyne alisema.

"Mbaya aje?"

"Samaki wakitiwa kesho, watakufa kabla ya jioni."

"Hapana." Ungo uliwekwa chini. "Hiyo kitu ilioshwa, madam. Kuna mtu alisimama hapo mpaka mgongo ukakataa. Hata pembe ziliguswa. Hata kule chini hakuna mtu anaona. Si uende uangalie?"

"Nimeangalia. Pembe ni safi. Hakuna mkwaruzo. Lakini ina sabuni."

"Sasa si ndiyo vizuri?"

"Kwa sahani, ndiyo."

Ivyne alivuta kiti, akaketi yeye, akaweka karatasi ya taarifa ya jana juu ya meza, sahihi ya Lornah ikiwa juu.

"Alikwambia ni kwa nini polisi wanauliza?"

"Alinipigia Jumatano usiku. Alisema kuna samaki wameibiwa kwa duka la zamani na wanataka kumsingizia. Akasema niseme tu alikuwa hapa. Si alikuwa hapa? Alikuja asubuhi, akarudi akamaliza. Mafundi wote hufanya hivyo, madam. Anashika kazi mbili, hii anaianzisha, anakimbilia ile. Hata aliyejenga hiyo karo alikuwa anajenga nyingine Kawangware."

"Hakuna samaki walioibiwa. Mbugua ameuawa. Alipigwa jiwe Jumatano, kati ya saa nne na nusu na saa sita."

Mchele ulikuwa umetawanyika kwenye meza. Lornah alianza kuukusanya kwa kiganja, punje kwa punje, na Ivyne akamwacha. Saa ya ukutani ilikuwa saa sita na dakika nane.

"Mbugua yule mfupi? Wa Adams?"

"Yule."

"Alikuja hapa mwezi jana kupima mahali tangi litakaa. Akala githeri yangu. Akaomba tena." Aliurudisha mchele kwenye ungo. "Fidel ndiye alinitafutia hii kazi, madam. Nikitoka Mumias sikuwa na mtu hapa Nairobi. Mama Waithera akisikia nilidanganya polisi, jioni niko nje na begi. Na wewe, jina lako ni Were. Si wewe pia ni mtu wa kwetu?"

"Ni jina la baba yangu. Halibadilishi saa aliyokufa Mbugua."

"Hata kidogo huwezi nisaidia?"

"Naweza kukwambia mambo yalivyo. Taarifa hii haijafika kortini. Ukiirekebisha sasa, itaandikwa kwamba uliirekebisha mwenyewe, leo, na kwa nini uliikosea. Ikifika kortini kama ilivyo na ijulikane baadaye, umemfichia mtu mauaji. Kuhusu kazi yako, sijui. Siwezi kukuahidi."

Lornah alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa kabla hakijakatwa. Labda ni kule kutoahidiwa kulikomfanya aamini yale mengine.

"Alitoka na kimlango cha takataka," alisema. "Gari la taka lilikuwa limeondoka tu. Saa tatu na nusu, au dakika moja mbili hivi. Alikuwa amebandika tishu za kwanza. Akanionyesha: loweka, bandika, ngoja nusu saa, kitambaa laini, usisugue na waya, kwa pembe tumia kadi. Vinega usichanganye na jiki, suuza kwanza. Akanipatia hiyo kadi. Nikarudia maneno yake mbele yake kama mtoto wa Sunday school. Akasema saa nne na nusu amerudi."

"Alirudi saa ngapi?"

"Saa saba, kwa kimlango hichohicho. Nilikuwa nimemaliza, nimeanza chapati. Aliangalia tangi, akasema Lornah wewe ni fundi kunishinda. Akanawa mikono hapo kwa karo. Akanawa tena. Nikampatia chapati hakula."

"Ovaroli alikuwa nayo?"

"Alienda nayo. Alirudi na shati."

Ivyne aliandika bila kuinua kichwa. Kuhusu sabuni ilimbidi aulize waziwazi.

"Alikwambia utumie sabuni?"

"Hakusema. Hakusema nitumie, hakusema nisitumie." Kwa mara ya kwanza sauti ya Lornah ilipata makali. "Lakini mimi naoshea watu vyombo miaka tisa. Kitu kimekaa stoo miaka miwili, panya wamekitembelea, umekitia vinega na jiki, halafu ukiache hivyo? Hakijaoshwa hicho. Nikasema nisimwaibishe fundi wa watu. Nikatia sabuni kidogo, na sponji, upande ule laini."

Alisomewa maelezo mapya kutoka mwanzo hadi mwisho. Alisahihisha mahali pamoja: Ivyne alikuwa ameandika kwamba kadi ilitumika kote, na Lornah akasema hapana, ilitumika kwenye pembe tu. Kisha akatia sahihi.

"Mama Waithera nimwambie mwenyewe?" aliuliza.

"Itakuwa afadhali asikie kwako kabla hajasikia kwangu. Nitampigia saa kumi."

Lornah alifungua leso kiunoni, akaifunga upya, akachukua simu yake juu ya friji. Ivyne alipopita kwenye geti, Dalmas alimpa kalamu aandike saa ya kutoka.

*

Barabara ya Ngong ilikuwa na msongamano wa magari, na saa saba na dakika ishirini na nane ndipo Ivyne alipopanda ngazi za kituo. Mwau alikuwa tayari kwenye chumba cha mahojiano, kitabu cha matukio kimefunguliwa mbele yake, na Fidel ameketi upande wa pili akiwa amerudishiwa mkanda wake. Alikuwa akiupitisha kwenye suruali, tundu baada ya tundu, bila haraka.

"Sajini," Mwau alisema. "Nimeshaandika mstari wa kwanza."

"Nipe dakika tatu, afande. Usitie sahihi."

Hakuketi. Alitoa chupa kwenye mfuko wa vielelezo. Ilikuwa imetikisika njia nzima, na povu lilikuwa limejaa mpaka chini ya kifuniko. Aliiweka katikati ya meza, lebo ikimwelekea Fidel.

Fidel aliacha mkanda. Aliinama, akaisoma lebo: tarehe, saa, maji ya tangi, Lavington. Akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha taratibu kama alivyokuwa akifanya miaka kumi na mmoja na maji ya wateja, akatazama povu linavyong'ang'ania kioo. Uso wake ulikunjamana. Haukuwa woga bado. Ulikuwa uso wa fundi aliyeonyeshwa kazi mbovu.

"Sabuni," alisema. "Ametia sabuni."

Mwau aliinua macho kutoka kwenye kitabu.

"Nilimwambia kila kitu. Waya, nikamwambia. Wembe, nikamwambia. Jiki na vinega, akarudia kwa mdomo wake mwenyewe. Sabuni haikunijia hata kichwani." Alitikisa kichwa. "Samaki wote wa yule mama wangekufa."

"Ulimwambia nani?" Ivyne aliuliza.

Fidel alikuwa bado ameishika chupa. Aliirudisha mezani polepole mno, akaitengeneza ikae wima, ingawa ilikuwa wima. Macho yake yalikwenda kwa Inspekta Mwau, kisha kwenye kitabu.

Mwau alipiga mstari mmoja juu ya yale aliyokuwa ameandika, akatia herufi za jina lake pembeni. "Toa mkanda," alisema. Kisha akainua simu ya mezani, akaomba gari la kwenda kortini.